Kinga ya Rais mstaafu: kwa nini majirani zetu Zambia, Malawi na Kongo wanawashtaki marais wao na sisi hatujawahi?

Mleta uzi, Mbeya

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa imhukumu Joseph Kabila adhabu ya kifo, Septemba 30, 2025, akiwa hayupo mahakamani, kijiwe chetu cha kahawa nyuma ya soko la Mwanjelwa hakijatulia. Wazee wa hapa mjini wanamhesabu Kabila kama kijana wao. Wanasimulia alivyosoma sekondari ya Sangu hapa Mbeya wakati baba yake akiwa msituni, kwa hiyo hukumu ile waliipokea kama habari mbaya ya mtoto wa jirani.

Katika mabishano hayo mzee mmoja, aliyefanya kazi mgodini Kiwira ujana wake wote, akaweka kikombe chini akauliza: "Kongo wamemshtaki wao. Zambia wameshtaki zaidi ya mmoja. Malawi vilevile. Sisi tumepakana nao wote, mbona hatujawahi? Wa kwetu hawakukosea, au sheria inakataza?"

Kila mtu alijibu lake. Mimi nilikuwa karani wa mahakama miaka 27 kabla ya kustaafu, nikaona aibu kwamba nami nilijibu juu juu. Nimekaa nikasoma, naleta hapa tujadili kwa utulivu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nianze na sheria yetu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 1977 ina sehemu tatu, na watu wengi wanaijua ya kwanza tu: Rais akiwa madarakani hashtakiwi kwa jinai katika mahakama yoyote. Ya pili inahusu madai ya mambo aliyofanya kama raia wa kawaida: unaweza kumfungulia, ila umpe kwanza notisi ya maandishi ya siku 30. Ya tatu ndiyo jibu la yule mzee. Inasema ni marufuku kumshtaki, kwa jinai au kwa madai, mtu aliyekuwa Rais, baada ya kuacha madaraka, kwa jambo lolote alilofanya "kama Rais" wakati akishika madaraka hayo. Msamaha wa katazo hilo ni mmoja tu: awe ameondolewa na Bunge kwa utaratibu wa ibara ya 46A.

Na 46A ni mlima. Taarifa ya hoja isainiwe na wabunge wasiopungua asilimia 20, ifike kwa Spika siku 30 kabla. Theluthi mbili wakubali iundwe kamati maalumu ya uchunguzi inayoongozwa na Jaji Mkuu. Kamati ikimaliza, theluthi mbili ya wabunge wote wapige kura kwamba mashtaka yamethibitika. Hapo ndipo Rais anaachia kiti, anakosa pensheni na marupurupu, na kinga inamtoka.

Maana yake, wakuu, kwa mambo ya kiofisi saa ya kumwajibisha Rais wa Tanzania ni akiwa bado Ikulu. Akishakabidhi kijiti salama, mlango umefungwa nyuma yake. Sisi tuna mazoea ya kusema "subirini astaafu mtaona". Hatutaona. Katiba imeshasema.

Sasa majirani.

Zambia naijua tangu Krismasi ya 1997. Nilikuwa Tukuyu kwa wakwe. Redio ikatangaza kwamba Mzee Kaunda amekamatwa siku ile ile ya sikukuu, anadaiwa kujua njama za mapinduzi yaliyoshindwa Oktoba mwaka ule na kunyamaza. Baba mkwe wangu alikuwa amefanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA. Aliinuka mezani, chakula hakukigusa tena, akakaa nje kwenye mgomba mpaka jioni. Kwake yeye, Kaunda na Mwalimu ndio waliofanya treni ipite Mbeya. Kaunda aligoma kula gerezani mpaka Mwalimu Nyerere alipokwenda kumwona na kumsihi. Juni 1998 mashtaka yakafutwa.

Kaunda alikamatwa chini ya utawala wa Chiluba. Chiluba akataka muhula wa tatu mwaka 2001, nchi ikakataa, akamchagua Mwanawasa amrithi. Haikupita hata miezi saba ya Mwanawasa kuapishwa, Julai 2002, Bunge likamwondolea Chiluba kinga. Akapinga hadi Mahakama ya Juu, akashindwa, akapandishwa kizimbani. Kesi ikapigwa kalenda mwaka hadi mwaka. Mwanawasa akafariki Agosti 2008. Agosti 2009 Chiluba akaachiwa huru. Rupiah Banda, aliyekuwa Rais siku hiyo, naye akaondolewa kinga Machi 2013, chini ya Rais Sata, akashtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka kuhusu mkataba wa mafuta na Nigeria. Sata akafariki Oktoba 2014. Juni 2015 Banda akaachiwa.

Malawi hali ni hiyo hiyo. Rais Muluzi alitaka muhula wa tatu, akakosa, akamsimamisha Bingu wa Mutharika mwaka 2004. Mwaka uliofuata Bingu akajitoa kwenye chama cha Muluzi akaunda chake. Mwaka 2009 Muluzi akashtakiwa kwa fedha za wafadhili, kwacha bilioni 1.7, zilizodaiwa kuingia kwenye akaunti yake binafsi. Kesi ikakaa mahakamani kuliko muda alioutumia Ikulu. Mei 2023 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa.

Kongo, Kabila alimkabidhi Tshisekedi Januari 2019, vyama vyao vikatawala pamoja karibu miaka miwili, kisha wakatengana. Mei 2025 Seneti ikamwondolea kinga ya useneta wa maisha. Siku chache baadaye akaonekana Goma, mji ulioshikwa na waasi wa M23. Septemba, kifo.

Hebu tazameni vizuri. Mara tatu, nchi tatu zinazotuzunguka, aliyemfikisha mstaafu mahakamani ni yule aliyepokea kiti kutoka mikononi mwake. Na Zambia, kwa Chiluba na kwa Banda, mshtakiwa ameachiwa baada ya Rais aliyeanzisha kesi kufariki. Sisemi mahakimu waliagizwa. Hukumu zilikuwa na sababu zake. Nasema kwamba kesi iliyopata nguvu kutoka kwa mtu mmoja hupungukiwa nguvu mtu huyo akiondoka: wapelelezi wanahamishwa, mashahidi wanasahau, rufaa haikatwi. Nimeona majalada ya aina hiyo kwa macho yangu, ya watu wadogo kabisa.

Msimamo wangu ni huu. Rais mstaafu kushtakiwa si dhambi. Ila mlango wa kumshtaki lazima uwe umechongwa kabla hatujajua nani atapita hapo, na ufunguo usikae kwa mrithi wake. Nawasilisha.

Mdau, Tunduma

Mkuu umegusa penyewe. Sisi huku mpakani tunaishi na Nakonde ya Zambia kama chumba na sebule, haya mambo tunayasikia kwenye redio zao asubuhi na jioni. Naongeza mawili.

La kwanza, kwa Chiluba umeruka London. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya kule ilisema yeye na wenzake walitoa fedha za umma wa Zambia karibu dola milioni 46. Ikatajwa mpaka suti na viatu vya duka moja la Geneva. Lakini ile ilikuwa kesi ya madai, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Lusaka ikakataa kuisajili hukumu hiyo ili itekelezwe Zambia. Basi mtu yule yule London ana deni, Lusaka hana kosa. Jirani zangu wa Nakonde mpaka leo wanagawanyika hapo: kuna wanaosema aliiba, kuna wanaosema alionewa, na wote wana hukumu ya kuonyesha.

La pili ni Lungu, Rais mstaafu wa Zambia. Huyu hakuondolewa kinga, ila alivyofariki Juni 5, 2025 Afrika Kusini, uhasama wake na Rais Hichilema ukaingia hadi msibani. Mazishi yakasimamishwa siku yenyewe, watu wamekwishavaa nguo nyeusi. Serikali na familia wakafikishana mahakamani Pretoria kugombania mwili. Hapa Tunduma kuna mama wa Kibemba anauza vitenge, alilia sokoni. Alisema kwao mwili hausubirishwi.

Mdau, Njombe

Kamwene mwalimu wetu. Nakuheshimu ila hapa sikubaliani. Nyie mnaongea mambo ya sheria, mimi naongea usalama. Julai 2021 Rais mstaafu Zuma alipoingia gerezani, watu zaidi ya 350 walikufa Afrika Kusini. Kijana wa shemeji yangu ni dereva wa masafa, alikuwa upande wa Durban. Malori yalichomwa Mooi River, barabara ile ile anayopita. Siku nne simu yake haipatikani, shemeji alikuwa anakaa na simu mkononi hata kanisani. Yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja miezi 15! Na mwisho akatoka baada ya miezi miwili kwa sababu za afya.

Wazee wakishatoka tuwaache wapumzike. Anayejua atafungwa akitoka, hatoki. Hilo ndilo ninaloliogopa mimi.

Mleta uzi, Mbeya

Kaka wa Njombe, kamwene. Nashukuru kijana alirudi salama. Hoja yako ya mwisho ni nzito na sitaipita haraka.

Kweli, hofu ya gereza inawafanya watu wang'ang'anie kiti. Lakini angalia Zuma alifungwa kwa kosa gani. Hakufungwa kwa ufisadi. Kesi ya rushwa ya ununuzi wa silaha inamfuata tangu 2005 na hukumu haijatoka. Alifungwa kwa kudharau amri ya Mahakama ya Katiba iliyomtaka afike mbele ya tume ya uchunguzi. Yaani aliitwa akakataa. Mkulima wa viazi Uporoto akiitwa na hakimu akakataa, analala mahabusu usiku ule ule. Kumwacha Zuma kungekuwa na gharama pia, ila ni gharama isiyochoma malori, kwa hiyo hatuihesabu.

Na siasa haikumwacha mahakama ilipomaliza. Uchaguzi wa Mei 2024 alizuiwa kugombea, chama chake kipya cha MK kikapata zaidi ya asilimia 14 ya kura, na chama tawala cha ANC kikashuka hadi asilimia 40, chini ya nusu kwa mara ya kwanza tangu 1994. Lula wa Brazili alikaa gerezani siku 580, hukumu zikafutwa, akarudi Ikulu. Trump alitiwa hatiani makosa 34 New York Mei 2024 na Novemba akachaguliwa. Kenya nao walichagua Uhuru na Ruto mwaka 2013 wote wakiwa na kesi The Hague. Kwa hiyo anayedhani kesi ni njia ya kummaliza mpinzani kisiasa, ahesabu upya. Mara nyingi kizimba kinakuwa jukwaa.

Hofu yako inatibika, kaka. Kinachomtisha mtu si mahakama, ni kutojua nani atamshtaki na kwa hasira gani. Sheria ikijulikana mapema, yenye kikomo na yenye hakimu asiyeteuliwa kwa kazi hiyo, mtu anaweza kutoka Ikulu akalala usingizi.

Mdau, Iringa mjini

Shikamoo mzee wangu. Mimi ni wakili, naomba niongeze upande wa ushahidi maana watu wanadhani kumshtaki ni kuandika hati ya mashtaka tu.

Jinai inathibitishwa pasipo kuacha shaka. Rais hasaini kila kitu mwenyewe. Mambo yanapita kwa katibu mkuu, kwa waziri, kwa Baraza la Mawaziri. Mashahidi wako ni watu ambao nao wangeweza kuwa washtakiwa. Nyaraka nyingi ni za siri na sheria ya ushahidi inairuhusu Serikali kuzizuia. Kamuzu Banda, Rais wa kwanza wa Malawi, ni mfano ulio karibu nasi. Alishtakiwa 1995 kuhusu mauaji ya wanasiasa wanne, Matenje, Gadama, Sangala na Chiwanga, waliouawa Mwanza mwaka 1983 (Mwanza ya Malawi, si ya kwetu). Alikuwa mzee, mgonjwa, hata kufika mahakamani hakuweza. Amri ya kuua haikuonyeshwa kwa maandishi wala kwa shahidi aliyeisikia kwake. Desemba 1995 akaachiwa huru na wenzake. Kisha Januari 1996 akatoa tamko la kuomba radhi kwa mateso ya utawala wake. Familia zile zilipata radhi ambayo mahakama isingeweza kuwapa, lakini hazikupata jibu la nani aliamuru.

Kwetu tumewahi kufika ngazi ya mawaziri. Mramba na Yona walishtakiwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2008 kwa kusamehe kodi na kusababisha hasara ya shilingi bilioni 11.7. Hukumu ikatoka Julai 2015, miaka mitatu, rufaa ikapunguza hadi miwili, na 2016 kifungo kikageuzwa kuwa kazi za jamii. Watu waliwaona wakifagia hospitali Sinza. Kesi ya Profesa Mahalu, aliyekuwa balozi wetu Italia, kuhusu jengo la ubalozi Roma, kiapo cha Rais mstaafu Mkapa cha kumtetea kiliingia kwenye ushahidi, na 2012 akaachiwa. Mnaona uzito wa neno la mstaafu hata akiwa si mshtakiwa.

Swali langu kwako mzee: yale maneno mawili ya 46(3), "kama Rais", unayasomaje?

Mleta uzi, Mbeya

Marahaba mwanangu. Umeniuliza nilichokuwa nakizunguka.

Yule mzee wa kijiweni alikuwa na Kiwira moyoni alipouliza. Mnakumbuka miaka ya 2008 na 2009: jina la Mzee Mkapa lilitajwa sana, Bungeni na magazetini, kuhusu ubinafsishaji wa mgodi wetu wa makaa. Kulikuwa na watu waliotaka kinga iondolewe. Hakushtakiwa, alifariki Julai 2020, na mimi sisemi alikosa, maana hakuna mahakama iliyomsikiliza wala iliyomsikiliza anayemlaumu. Mgodi baadaye ukarudi serikalini, chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Ila swali la kisheria lilibaki pale pale: Rais akijihusisha na biashara akiwa Ikulu, amefanya "kama Rais" au kama mfanyabiashara? Ukisoma maneno yenyewe, la pili halina kinga baada ya kustaafu. Lakini nani alipaswa kulitamka hilo? Halikupelekwa mbele ya jaji. Lilijadiliwa kwenye magazeti na vijiwe mpaka likachoka.

Marekani swali hilo hilo lilifika Mahakama ya Juu, na Julai 1, 2024 ikagawa mafungu: mamlaka ya msingi aliyopewa Rais na katiba yana kinga kamili, matendo mengine ya kiofisi yanadhaniwa kuwa na kinga mpaka ithibitishwe vinginevyo, matendo binafsi hayana. Wengi wameilaumu hukumu hiyo, nami naona imempa Rais nafasi kubwa mno. Lakini angalau iliandikwa, ukurasa kwa ukurasa, na anayeipinga ana kitu cha kupinga.

Niwaeleze kwa nini jambo hili linaniuma. Katika mahakama niliyofanyia kazi, wilaya moja ya huku Nyanda za Juu, aliletwa mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa ameshindwa uchaguzi. Mwenyekiti mpya ndiye aliyemlalamikia, kuhusu mifuko ya mbolea ya ruzuku. Mzee yule alikuja na kaunta buku lenye jalada jekundu, kurasa zimelowa mvua zikakauka zikavimba. Ndani ameandika kwa kalamu ya risasi majina ya kaya, idadi ya mifuko, na dole gumba la kila aliyepokea. Kila tarehe alilibeba. Kila tarehe shauri liliahirishwa: upelelezi haujakamilika, shahidi amesafiri, mwendesha mashtaka yuko Mbeya. Wanakijiji walikuja kwa magari mawili tofauti, wakakaa mabenchi mawili tofauti. Mwaka wa pili nikasikia hata misibani hawapikiani tena.

Shauri likaondolewa, upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea. Lile kaunta buku halikuwahi kufunguliwa mahakamani. Mzee akaniuliza dirishani pangu, "Karani, nimeshinda?" Nikamwambia yuko huru. Akasema hakuniuliza hivyo.

Miaka mitano baadaye yule mwenyekiti mpya naye alishindwa uchaguzi. Hati yake ya mashtaka niliigonga muhuri mimi.

Mdau, Tunduma

Duh. Hiyo ndiyo Zambia nzima kwenye kijiji kimoja.

Mdau, Njombe

Mzee nimekuelewa. Basi tuambie wewe ungeandika nini badala ya hiyo 46(3).

Mleta uzi, Mbeya

Ningeacha kinga ya Rais aliyeko madarakani kama ilivyo. Nchi haiwezi kuendeshwa na mtu mwenye tarehe Kisutu. Kwa mstaafu, ningeandika kwamba jopo la majaji wa Mahakama ya Rufani ndilo lipime kwanza kama jambo ni la "kama Rais" au la binafsi, kwa maombi yanayosikilizwa wazi, na lipewe muda maalumu wa kutoa uamuzi. Zambia wameliachia Bunge, na Bunge ni la chama kilichoshinda, ndiyo maana kila likimwondolea mtu kinga nusu ya nchi inasema ni kisasi. Ningeweka muda wa kikomo wa kufungua shauri. Na ningeandika mstari mmoja kwamba mabadiliko haya yaanze kwa Rais atakayeapishwa baada ya sheria kupita na uchaguzi mwingine kufanyika, ili anayepiga kura ya kuyapitisha asiwe na jina la mtu kichwani.

Wakili wa Iringa, nisaidie kurekebisha lugha ya kisheria hapo, mimi ni karani tu.

Mdau, Iringa mjini

Mzee, nitakuandikia rasimu wiki hii. Ila hilo la kuanza kwa Rais asiyejulikana litapingwa na wote, wanaotaka kumshtaki mtu fulani na wanaotaka kumlinda.

Mleta uzi, Mbeya

Najua, mwanangu. Ndaga fijo.

Kesho asubuhi napeleka Katiba yangu kijiweni. Nimekunja ukurasa wa ibara ya 46. Yule mzee wa Kiwira macho yake bado yanasoma bila miwani, nataka aisome mwenyewe ile sehemu ya tatu kwa sauti, wenzake wakiwa wanasikia.